Kisanduku Kiziwi

Mjomba wangu ana studio ya kurekodi nyuma ya duka la vioo. Ni chumba kimoja na kichumba. Kwenye chumba kuna maikrofoni mbili, benchi refu, na shuka nzito tulizozitundika ukutani ili sauti isirudi kama ya mtu aliye kisimani. Kwenye kichumba kuna kompyuta, spika mbili, kiti cha Mjomba ambacho hakuna mwingine anayekikalia, na kisanduku chekundu chenye vitufe vinne vya kuzungusha. Kisanduku hicho ndicho mlango. Sauti ikitoka kwenye maikrofoni hupita humo kwanza, ndipo iingie kwenye kompyuta. Bila hicho unaweza kuimba mpaka mishipa ya shingo ikutoke, na kompyuta isijue kama kuna mtu.

Kazi yangu ni kufungua asubuhi, kufagia, kukunja nyaya, kuchemsha chai na kunyamaza. Hiyo ya mwisho sikupewa na mtu, nilikuja nayo. Ndiyo maana Mjomba huniita Kimya, na wateja wengi wanadhani ndilo jina langu.

Siku hiyo wateja walikuwa wanawake wanane wanaofua na kukunja nguo za hospitali. Walikuwa wameniambia wiki moja kabla, waliposimama mlangoni kuulizia nafasi, kwamba wanaimba pamoja kazini kwa miaka mingi na hawajawahi kujisikia. Mmoja wao, mama mwenye sauti ya chini kuliko zote, alikuwa amestaafu. Wenzake walimwita Besi. Kesho yake asubuhi alikuwa anahama, anakwenda kukaa na mwanawe mbali sana, safari ya siku mbili. Na kwa sababu zamu za hospitali hazipatani, siku pekee ambayo wote wanane wangeweza kukaa chumba kimoja ilikuwa hiyo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Saa nane zamu yao ilikuwa inaanza. Wimbo usiporekodiwa kabla ya hapo, ungebaki wa watu saba.

Walifika saa tatu kamili, wakajaa kwenye benchi, waliozidi wakakaa chini. Mjomba akavaa vipokea sauti vyake, akaketi kwenye kiti chake, akatazama skrini, akavivua, akavivaa tena.

"Moja, mbili," akasema kwenye maikrofoni. "Moja, mbili. Moja."

"Bwana Studio, tatu iko wapi?" akauliza mmoja aliyekaa chini. Huyu wenzake walimwita Kicheko, na haikuchukua muda kujua kwa nini.

Mjomba hakucheka. Kwenye skrini, mahali ambapo sauti huonekana ikirukaruka kama mawimbi, palikuwa na mstari ulionyooka kama uzi wa mwashi. Taa ya kisanduku ilikuwa inawaka kijani. Kisanduku kilikuwa kizima, ila kompyuta haikuwa inakitambua kabisa.

Sababu haikufichika. Kompyuta ilikuwa imemsumbua Mjomba mwezi mzima, kila ikiwashwa inamwomba aibadilishie mfumo uwe mpya. Jana jioni, wakati wa kufunga, alichoka. "Imenidai kama mkwe," alisema, akabonyeza kukubali, akaondoka na kuiacha ijibadilishe yenyewe.

Asubuhi nilipofungua niliikuta imeshamaliza. Sura yake ilikuwa mpya, picha ya milima imekuwa picha ya mchanga. Nikafungua programu ya kurekodi kama nifanyavyo kila siku, kwa sababu ni nzito na huchukua muda kuamka. Ikaniuliza maswali matatu. Katika studio yetu kuna sheria moja ya kompyuta, na Mjomba ameiandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi juu ya meza: UKIULIZWA USICHOKIJUA, KATAA. Aliiandika baada ya siku moja kukubali kitu asichokijua, na kwa wiki mbili kila tulipotaka kurekodi yalitokea matangazo ya dawa ya kupunguza tumbo. Mjomba ana tumbo. Alilichukua kama jambo la binafsi.

Basi mimi nilikataa mara tatu, nikaenda kuchemsha chai.

Mjomba alianza kama wanavyoanza wote. Alichomoa waya wa kisanduku, akaupuliza, akauchomeka. Akabadilisha tundu. Akabadilisha waya. Akazima kompyuta na kuiwasha. Kila akimaliza jambo moja alisema "moja, mbili," na kila mara kutoka chumbani sauti nane zikamjibu "tatu." Dirisha kati ya chumba na kichumba ni kioo kikubwa, tulipewa na jirani wa duka kwa sababu kina ufa pembeni, kwa hiyo akina mama walikuwa wanamwona vizuri kabisa jinsi anavyotoka jasho.

Saa nne na nusu alimpigia simu fundi wake. Fundi huyu ni kijana anayezijua kompyuta kuliko anavyowajua ndugu zake, na yeye ndiye aliyetufungia kila kitu miaka miwili iliyopita. Mjomba aliiweka simu kwa sauti kubwa ili mikono yake iwe huru.

"Umebadilisha mfumo," fundi alisema kabla hajaelezwa.

"Nimebadilisha."

"Siku ya kazi."

"Jana."

"Mzee, hata daktari hamfanyii mtu upasuaji jioni ya kuamkia harusi yake. Sasa sikiliza. Kuna programu ndogo inayokiunganisha kisanduku na kompyuta. Inaitwa draiva. Uliyonayo ni ya mfumo wa zamani. Huu mpya hauielewi, kwa hiyo umeifungia nje. Itabidi uifute yote, upakue mpya kwenye ukurasa wa waliotengeneza kisanduku. Usiweke mpya juu ya kuukuu. Futa kwanza. Umenisikia?"

"Nimekusikia," Mjomba alisema, na tayari alikuwa anapakua.

"Umefuta?"

"Naipakua."

"Mzee, nimesema futa kwanza."

Kutoka chumbani Kicheko akasema, "Ni kama shuka, Bwana Studio. Hutandiki safi juu ya chafu." Wenzake wakaitikia kwa pamoja kwamba ni kweli, hilo hata wao wanalijua.

Ikafutwa. Halafu likatokea la pili: intaneti yetu hutoka kwenye simu ya Mjomba, na simu hiyo ikiwa inaongea, intaneti hukatika. Fundi anatuambia cha kupakua, na kwa kutuambia anatuzuia kukipakua. Walibishana juu ya hilo kwa dakika kadhaa huku intaneti ikiendelea kukatika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Nilimwinamia Kicheko, nikamuuliza kwa mnong'ono kama simu yake ina bando.

"Ninalo," alisema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. "Binti anaomba bando. Ameongea, jamani, mmesikia? Ana sauti nzuri."

Nilitamani sinia linifunike. Lakini alitoa simu, nikaunganisha kompyuta nayo, na draiva ikaanza kushuka taratibu. Wakati inashuka akina mama walikunywa chai. Mikono yao haikutulia. Mmoja alikikunja kitambaa changu cha kufutia meza mara nne, kona kwa kona, akakiweka magotini akakipiga pasi kwa kiganja. Mwingine alivua kanga yake akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Saa sita kasorobo draiva ilikuwa imeingia. Kompyuta ikaomba izimwe na kuwashwa. Tulisubiri, wote tukiwa tumebanana kwenye dirisha la kioo, wengine upande huu, wengine upande ule. Ikawaka. Mjomba akafungua orodha ya vifaa, na jina la kisanduku likawa limeandikwa pale, wazi. Akacheza wimbo mmoja wa zamani, ukatoka kwenye spika ukapita kifuani kwetu. Akina mama wakapiga makofi. Besi akapiga kofi moja tu, zito, kama mtu anayefunga mlango wa stoo.

Mjomba akashika maikrofoni. "Moja, mbili."

Mstari haukutikisika.

"Tatu," alisema Kicheko, safari hii kwa upole.

Sauti ilikuwa inatoka, haiingii. Kisanduku kilikuwa na mdomo, hakina masikio. Mjomba alimpigia fundi tena. Fundi alisema jaribu hiki, jaribu kile, punguza namba hii, chagua tundu la kwanza, chagua la pili. Mjomba alifanya yote kwa haraka, anabonyeza kabla maneno hayajakaa sawa kwenye skrini. Yeye hasomi ujumbe wa kompyuta, huwa anaubonyeza tu uondoke. Nyuma ya fundi tulisikia mashine ya kunyolea ikinguruma.

"Mzee, niko kwa kinyozi, nimenyolewa nusu. Nadhani matundu ya kuingilia yameungua. Kilete keshokutwa nikifungue."

"Keshokutwa wao ni saba," Mjomba alisema.

"Saba nini?"

Mjomba alikata simu. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na nusu. Alivuta droo akatoa bisibisi, akakigeuza kisanduku juu chini kwenye meza. Alikuwa anataka kukifungua mwenyewe. Mara ya mwisho Mjomba kufungua kitu mwenyewe ilikuwa pasi, na pasi ile sasa tunazuilia mlango.

Nilikuwa nafuta meza. Na nilikuwa nawaza. Fundi alisema draiva ya zamani ilifungiwa nje. Nani mwingine amefungiwa nje? Yale maswali matatu ya asubuhi yalinirudia. Mimi niliishia darasa la tano, na kusoma kwangu ni kwa kidole, neno kwa neno, lakini nikishasoma kitu hakinitoki. La pili lilikuwa: Programu hii inataka kutumia maikrofoni. Nilidhani inataka kile kitundu kidogo kilicho juu ya skrini, ambacho Mjomba amekiziba kwa plasta ya kidonda ili kompyuta isisikilize mambo yake. Nikabonyeza Usiruhusu, na nikajiona nimemlinda.

Kisanduku hakikuwa kimeungua. Mimi ndiye niliyeiambia kompyuta isikisikilize. Na sasa ilibidi niseme hivyo mbele ya watu tisa, wanane wao wametoka nyumbani alfajiri, wamekaa saa tatu na nusu kwenye benchi kwa sababu yangu.

Skrubu ya kwanza ilikuwa imetoka. Nikafuta meza.

"Mwanangu," Besi alisema. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kichumba, na sauti yake haikupita hewani, ilipita sakafuni. "Meza hiyo umeifuta mara nne. Ina nini?"

"Haina kitu, mama."

"Basi wewe ndiye mwenye kitu."

Nikapiga moyo konde. "Nilikataa," nikasema.

Mjomba hakuinua kichwa. "Ulikataa nini?"

"Asubuhi. Kompyuta iliniuliza kama programu itumie maikrofoni. Nikakataa." Nikaonyesha kipande cha boksi juu ya meza.

Mjomba alikitazama. Akalisoma andiko lake mwenyewe kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa na adui. Bisibisi ikabaki hewani.

"Kimya," alisema, "ulikataa maikrofoni. Katika studio."

Hapo Kicheko hakujiweza. Alicheka mpaka akakaa chini, na wenzake wakamfuata, mmoja baada ya mwingine, na mimi sikujua nicheke au nikimbie. Mjomba naye tumbo lilianza kutikisika kabla ya uso. Kuna wakati mtu huvunjwa mbavu na jambo ambalo dakika moja nyuma lilikuwa msiba.

"Haya," alisema akijifuta macho. "Tunalirudishaje?" Akakikamata kipanya akaanza kubonyeza huku na huko, madirisha yakafunguka na kufungika kama milango siku ya upepo.

"Bwana Studio," Besi alisema. "Mwache asome yeye."

"Mama yangu, muda..."

"Wewe umekimbia tangu asubuhi na hujafika. Mwache aende kwa miguu."

Mjomba aliinuka kwenye kiti chake. Alikivuta nyuma, akanionyesha nikae. Sikuwahi kukikalia. Kilikuwa kimebonyea katikati, nikazama ndani yake kama mtoto kwenye beseni.

Nilisoma kwa kidole kwenye skrini, kwa sauti, kwa sababu siwezi kusoma kwa njia nyingine. Mipangilio. Nikabonyeza. Sauti. Nikaipita, hiyo Mjomba ameshaipekua. Mwonekano. Nikaipita. Fa, ra, gha. "Faragha na usalama."

"Faragha ni mambo ya mtu ya siri," mmoja wa akina mama alisema.

"Basi ndimo ilimofichwa," alisema Kicheko.

Ndani yake kulikuwa na orodha ndefu. Mahali ulipo. Picha zako. Kamera. Nilizisoma zote, na hakuna aliyenihimiza. Watu tisa walikuwa nyuma ya kiti hicho, na nilisikia tu pumzi zao. Maikrofoni. Nikabonyeza. Likatokea jina la programu yetu ya kurekodi, na pembeni yake swichi ndogo ya kijivu iliyolala upande wa kushoto.

Nikaisukuma kulia. Ikawa ya buluu.

Kompyuta ikauliza. Nikasoma: "Programu haitasikia maikrofoni mpaka ifungwe na kufunguliwa upya. Funga na ufungue sasa?" Nikamgeukia Mjomba.

"Unaniuliza mimi?" alisema. "Mimi ndiye niliyeandika lile boksi."

Nikakubali. Programu ikafungwa, ikafunguka polepole, na mstari ukalala pale pale ulipokuwa umelala asubuhi yote. Hakuna aliyesema moja, mbili. Tulikuwa tumeogopa. Ndipo Kicheko, aliyekuwa amerudi chumbani karibu na maikrofoni akijizuia, akashindwa kujizuia. Kicheko chake kikaingia kwenye kompyuta chote. Mstari ukaruka juu, ukaruka chini, ukajaa skrini kama majani baada ya mvua.

Sitajaribu kuandika kelele zilizofuata. Jirani wa vioo alikuja kuuliza kama kuna kilichovunjika.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Mjomba akairudisha skrubu yake, akaketi, akawapanga akina mama mbele ya maikrofoni, wanne wanne. Wakaanza. Na hapo, baada ya yote hayo, wimbo haukuwa mzuri. Hawakukosea. Walikuwa wamesimama wima, mikono imening'inia, kila mmoja anaimba peke yake kana kwamba anapimwa homa. Mjomba alisikiliza, akanitazama, akatikisa kichwa kidogo.

Besi aliwasimamisha wenzake. "Si sisi hawa," alisema. "Sijui ni nini."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya kichumba. Nilikitazama kitambaa changu cha kufutia meza, kilichokunjwa vizuri kuliko kilivyowahi kukunjwa tangu kinunuliwe. Nikainuka. Maneno ya siku hiyo nilikuwa nimeyamaliza. Nilipanda benchi nikaanza kutundua shuka ukutani.

"Kimya, hizo zinazuia mwangwi," Mjomba alisema kutoka kichumbani.

Nikatundua nne. Nikawapa, shuka moja kwa watu wawili.

Walielewa kabla hawajazishika vizuri. Wakasimama wakitazamana, wawili wawili, wakavuta kona, na shuka nne zikapigwa kwa pamoja: pah. Kwenye kichumba taa ya kisanduku ikaruka kuwa nyekundu, Mjomba akakimbilia kitufe akakipunguza. Pah. Wakakunja kwa urefu, wakasogeleana, kona kwa kona, wakaachana. Wimbo ukatoka humo humo. Ulikuwa unaanza kwenye kuvuta na kupumzika kwenye kukunja, na katikati, shuka zikipigwa, sauti ya Besi ilikuwa inaingia chini kabisa na kuwabeba wote saba. Chumba kilikuwa na mwangwi sasa, kweli. Kilisikika kama mahali pakubwa penye sakafu ya saruji na madirisha ya juu. Mmoja aliniambia baadaye kwamba hivyo ndivyo kule kwao kunavyosikika.

Waliimba mara mbili. Ya pili Mjomba aliisikiliza macho yakiwa yamefumbwa, na ilipokwisha hakubonyeza kitu mpaka nikamgusa bega ili asitishe kurekodi.

Tukawaita kichumbani wajisikie. Besi alivishwa vipokea sauti. Alisikiliza akiwa amekunja uso, kisha akavisogeza kutoka sikio moja.

"Huyu mwanaume ni nani?"

"Ni wewe, mama," nikasema.

"Mimi?" Akavirudisha. Akasikiliza tena hadi mwisho. "Miaka yote hii mlikuwa mnanivumilia," aliwaambia wenzake, na alikuwa anatabasamu.

Zilibaki dakika ishirini. Nikaanza kuhamisha wimbo kwenye simu zao, moja moja. Saba zikapokea. Ya Besi, simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, ikagoma. Ikaleta maandishi. Alinipa bila kuyatazama. "Nisomee."

"Nafasi imejaa," nikasoma. "Je, ungependa kufuta picha sitini na mbili?" Nikazifungua tuone ni za nini. Zote zilikuwa za kidole gumba chake, kimeziba kamera, chekundu kwenye mwanga.

"Una hakika?" nikasoma. "Zikifutwa hazitarudi."

Besi alifikiri kwa uzito, kama swali lilivyostahili. "Wewe unaonaje?"

"Mimi ningekubali, mama. Kidole unacho."

Akakubali, na wimbo ukaingia.

Walipoondoka, Mjomba alilibandua boksi ukutani, akaligeuza upande mweupe, akaandika kwa kalamu yake nene: UKIULIZWA, MWITE KIMYA ASOME. Mimi niligundua kwamba shuka zimeachwa juu ya benchi, nne, zimepangwa kingo juu ya kingo, hata kisu kisingepita. Sikuwa na moyo wa kuzitundika siku hiyo.

Kwenye kichochoro kila mmoja, hata Besi aliyekuwa anawasindikiza, alikuwa ameufungua wimbo kwenye simu yake, na hakuna aliyemsubiri mwenzake. Nyimbo nane zilikuwa zinaelekea hospitali, kila moja nyuma kidogo ya nyingine, shuka zinapigwa ovyo, na Besi anaingia mara nane.

"Nani huyo anatuchelewesha?" nilimsikia Kicheko akiuliza.

"Ni mimi," alisema Besi. "Ngojeni."